Nani anavuta, nani ameachia: misuli ya uso na kazi ya tabasamu

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, mara umepambwa kwa maua, mara kwa picha ya mtoto mchanga: kununa kunahitaji misuli 43, kutabasamu 17 tu, basi tabasamu uupumzishe uso. Baada ya muda unarudi na namba nyingine. Hakuna kipimo nyuma ya namba hizo, wala haziwezi kupatikana, kwa sababu misuli ya uso haihesabiki kama vidole. Nyuzi za msuli mmoja huingia ndani ya mwenzake bila mpaka. Wapo watu waliozaliwa bila msuli fulani ambao jirani zao wanao. Na tabasamu la kumwitikia mtu njiani silo lile la kumpokea ndugu uliyepotezana naye miaka kumi. Tabasamu dogo kabisa linaweza kufanywa na jozi moja tu, msuli mmoja kila upande.

Kwa hiyo swali la "mingapi?" tuliweke kando. Swali lenye faida ni hili: nani anavuta, na nani ameachia? Mdomo umekaa katikati ya mchezo wa kuvuta kamba usiokwisha. Juu kuna wanaopandisha, chini kuna wanaoshusha, pembeni kuna wanaotanua, na katikati kuna pete inayofunga. Hata uso uliotulia umetulia kwa sababu hao wote wanalingana nguvu. Ukiliona jambo kwa namna hiyo, tabasamu lililokwenda upande linaanza kusomeka: unajua mvutaji yupi kalala, na mara nyingi unajua pia tatizo limekaa wapi, kabla ya kipimo chochote.

Fundo la pembe ya mdomo

Nawa mikono, kisha ingiza kidole gumba ndani ya shavu na kuacha kidole cha shahada nje. Bana taratibu, kama sentimita 1 kutoka kwenye pembe ya mdomo kuelekea sikioni. Utahisi kitu kigumu kidogo kinachoteleza kati ya vidole, mfano wa punje ya kunde. Usiachie, tabasamu. Kile kitu kinakaza na kukimbilia juu, kuelekea sikio.

Hilo ndilo fundo, kwa jina la kitaalamu modiolo. Si tezi wala si uvimbe, msiogope. Ni mahali ambapo nyuzi za misuli kadhaa ya uso zinakutana na kusukana kama ukili. Misuli mingi ya mwili imefungwa mfupani huku na mfupani kule, ndiyo maana ikikaza kiungo kinakunjika. Misuli ya uso huanzia mfupani, na mingine hata huko haifiki, kisha huishia kwenye ngozi au ndani ya msuli mwingine. Ikikaza, kinachosogea ni ngozi. Ndiyo sababu pia makunyanzi ya uso hukaa kwa kukingama na msuli ulioyazaa: nyuzi za paji la uso zinapanda juu, mistari yake imelala.

Mvutaji mkuu wa tabasamu anaitwa zigomatiki kubwa. Huanzia kwenye mfupa wa shavu, upande unaoelekea sikioni, na kushuka kwa mshazari hadi kwenye fundo. Akikaza, pembe ya mdomo inakwenda juu na nyuma kwa pamoja, na kwa watu wazima wengi mwendo wake ni kati ya milimita 7 na 22. Ni umbali mdogo sana kwa kitu kinachoonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Jirani yake, zigomatiki ndogo, haendi kwenye fundo bali kwenye mdomo wa juu. Ndani zaidi, kutoka chini ya jicho, wapo wanyanyuaji wa mdomo wa juu. Mmoja wao anashuka kando ya pua na kuvuta bawa la pua pamoja na mdomo, ndiyo maana baadhi ya watu wakicheka pua inatanuka. Chini ya hawa wote, ukipapasa juu ya mzizi wa jino la chonge, kuna mwingine mfupi anayenyanyua pembe ya mdomo moja kwa moja juu bila kuitanua.

Uwiano wa nguvu kati yao ndio unaompa kila mtu tabasamu lake. Mwaka 1974 mpasuaji Leonard Rubin aliyagawa matabasamu katika makundi matatu, na mgawanyo wake bado unatumika na wanaorekebisha nyuso na wanaopanga meno. La kwanza, ambalo ndilo la wengi, pembe za mdomo ndizo zinazoongoza, na mdomo wa juu unafuata. La pili, wanyanyuaji wa mdomo wa juu wana nguvu kuliko zigomatiki, kwa hiyo chonge ndizo zinazoonekana kwanza. La tatu ni adimu: wa juu na wa chini wanavuta kwa pamoja na meno yote, ya juu na ya chini, yanatokeza mara moja. Mtu wa kundi la pili au la tatu anaweza kuonyesha ufizi mwingi, zaidi ya milimita 3 juu ya meno, akaona haya na kuzoea kuziba mdomo kwa kiganja. Hapo meno hayana kosa. Kabla ya kukubali kukatwa ufizi, inafaa mtu atazamwe akicheka kweli, maana chanzo kinaweza kuwa fupa la taya refu, meno mafupi, au wanyanyuaji wenye nguvu kupita kiasi, na tiba za hayo matatu hazifanani.

Yupo pia msuli ambao jina lake la Kilatini lina maana ya kucheka, risorio. Hauanzii hata mfupani. Huanzia kwenye utando ulio juu ya tezi ya mate na kuvuta pembe ya mdomo kwa upande, pasipo kupandisha. Jina limemzidi kazi. Kwa watu wengi ni mwembamba, wengine hawana kabisa, na wengine wanao upande mmoja. Ukivuta peke yake, hutoa sura ya mtu aliyebana meno kwa uchungu kuliko aliyefurahi.

Na vile vishimo vya mashavuni tunavyovisifia? Mara nyingi chanzo ni zigomatiki kubwa iliyogawanyika mapande mawili. Pande moja linashika njia ya kawaida, la pili linapita chini zaidi na uzi wake mmoja unanasa kwenye ngozi ya shavu njiani. Msuli ukikaza, ngozi inavutwa ndani pale uliponasa. Ni hitilafu ndogo ya maumbile ambayo watu wameamua kuiita uzuri, na wana haki.

Sasa upande wa pili wa kamba. Kutoka ukingo wa taya ya chini hupanda mshushaji wa pembe ya mdomo, akaishia kwenye fundo lilelile. Ndiye anayefanya kazi mtu anaponuna. Pembeni yake yupo mshushaji wa mdomo wa chini, kwenye kidevu yupo anayekikunja kama ganda la chungwa, na kutoka shingoni inapanda karatasi nyembamba ya msuli iitwayo platizma. Tabasamu haliwezi kupanda hawa wasipoachia. Kumbuka jambo hili, maana huko mbele ndilo linaloeleza kwa nini mtu aliyepona kupooza bado hutabasamu vibaya.

Macho nayo yanacheka

Mwaka 1862 tabibu Mfaransa, Guillaume-Benjamin Duchenne, alichapisha kazi yenye picha ambayo ndiyo chimbuko la elimu hii. Alikuwa akiweka ncha za waya wa umeme juu ya ngozi, anauamsha msuli mmoja mmoja, kisha picha inapigwa. Umeme wa namna hiyo unauma, na mtu anayeumia hawezi kutuliza uso. Aliyemfaa zaidi alikuwa mzee mmoja kibogoyo ambaye ngozi ya uso wake ilikuwa imepungua hisia. Kwa mzee huyo Duchenne aliweza kuiamsha zigomatiki kubwa peke yake. Mdomo ukatabasamu, ila uso haukuwa wa mtu mwenye furaha. Alipoweka kando yake picha ya mzee huyohuyo akiwa amefurahi mwenyewe, tofauti ilikuwa machoni.

Msuli uliokosekana ni obikulari ya jicho, pete inayolizunguka jicho. Sehemu yake ya ndani, iliyo kwenye kope, hupepesa. Sehemu ya nje, pana zaidi, inakaa juu ya mifupa inayolizunguka jicho. Ikikaza, shavu linapanda, ngozi ya chini ya jicho inajaa, na mistari inachanua kwenye kona ya nje ya jicho kama miguu ya kuku. Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani, Paul Ekman na Wallace Friesen, walitoa mfumo wa kuipa namba kila hatua ya misuli ya uso. Kuvutwa kwa pembe ya mdomo kukawa namba 12, kupanda kwa shavu namba 6, na tabasamu lenye namba zote mbili likapewa jina la Duchenne.

Chukua picha yoyote ya harusi, ziba nyuso kuanzia puani kwenda chini kwa karatasi, utazame macho tu. Usihangaike na mistari ya pembeni. Angalia ngozi iliyo kati ya unyusi na kope ya juu: obikulari ikiwa imekaza, ngozi hiyo hushuka kidogo na kona ya nje ya unyusi nayo hushuka. Zigomatiki ikivuta kwa nguvu sana peke yake inaweza kulisukuma shavu juu na kuzaa mistari ya miguu ya kuku, lakini kuishusha ngozi ya juu ya jicho haiwezi.

Hata hivyo, nasi tungependa hili lisomwe taratibu, tusiwafanye watu mahakimu wa nyuso. Watu wengi wanaweza kuikaza obikulari kwa kukusudia, na wapo wenye furaha ya kweli ambao macho yao hayaonyeshi kitu. Anayemkataa mwombaji kazi au kumshuku mchumba kwa sababu ya namba 6 anaonea.

Neva moja, matawi matano

Misuli hii yote, kuanzia paji la uso hadi shingo, inaendeshwa na neva moja kila upande: neva ya uso, ya 7 kati ya neva 12 za fuvu. Inatoka kwenye shina la ubongo, inaingia ndani ya mfupa wa sikio na kupita humo kwenye mfereji mwembamba wenye urefu wa kama sentimita 3, inatokea nyuma ya ndewe la sikio, kisha inazama ndani ya tezi ya parotidi, ile inayovimba mtu akipata matubwitubwi. Ndani ya tezi ndimo inamogawanyika.

Njia ya kuyakumbuka matawi ni kuweka kiganja cha kulia kwenye shavu la kulia, kitako cha kiganja kikiwa kwenye ndewe la sikio, vidole vimetanuliwa kuelekea mbele. Kidole gumba kinaonyesha tawi la paji la uso. Cha shahada ni tawi la jicho na mfupa wa shavu. Cha kati ni tawi la shavu na mdomo wa juu. Cha pete kinafuata ukingo wa taya kwenda mdomo wa chini, na kidogo kinashuka shingoni. Tabasamu limebebwa zaidi na cha shahada na cha kati, na matawi hayo mawili yameungana kwa vijitawi vingi, hivyo kijitawi kimoja kikikatika chenzake mara nyingi hufidia. Tawi la ukingo wa taya halina bahati hiyo. Ndiyo maana mpasuaji anayetoa uvimbe chini ya taya hukata ngozi kama sentimita 2 chini ya ukingo wa mfupa, akilikwepa. Likijeruhiwa, mgonjwa anatabasamu vizuri juu, lakini mdomo wa chini upande ule haushuki, na tabasamu linaonekana limepinda.

Neva ya uso haitafuni wala haihisi mguso wa ngozi ya uso. Kutafuna na hisia za ngozi ya uso ni kazi ya neva ya 5. Hili lina faida mbili za haraka.

Kwanza, ushauri wa kumtafunisha aliyepooza uso bigijii au muwa "ili misuli irudi" haufikii misuli inayotakiwa. Unaokazwa ni msuli wa taya, ule unaotuna mbele ya sikio ukibana meno, na huo ulikuwa mzima tangu mwanzo.

Pili, ganzi ya meno. Mdomo kufa ganzi baada ya sindano ni kawaida. Hiyo ni hisia. Lakini ikiwa mtu ameng'olewa jino la chini na dakika chache baadaye hawezi kufumba jicho na tabasamu limekufa upande huo, sindano imekwenda nyuma mno na dawa imeingia kwenye tezi ya parotidi ambako neva ya uso inapita. Inatisha, lakini kwa kawaida huisha ganzi yenyewe inapoisha, ndani ya saa chache. Cha kufanya ni kulikinga jicho hadi lianze kupepesa.

Majeraha ni habari nyingine. Panga, chupa au kioo cha gari vikikata shavu, kabla ya kudunga ganzi na kushona, mjeruhiwa aambiwe anyanyue nyusi, afumbe macho kwa nguvu, aonyeshe meno. Ganzi ikishaingia kipimo hicho hakipo tena. Chora akilini mstari unaoshuka kutoka kona ya nje ya jicho. Matawi yaliyokatika mbele ya mstari huo, upande wa pua, ni membamba na yameungana sana, kwa kawaida huachwa. Yaliyokatika nyuma ya mstari, upande wa sikio, yaunganishwe, na vizuri iwe ndani ya saa 72, kwa sababu ndani ya muda huo kipande cha mbele cha neva bado huitikia umeme mdogo wa mpasuaji na hivyo kupatikana kwa urahisi. Baadaye kinanyamaza, na kukitafuta ndani ya jeraha lililovimba ni kazi kubwa.

Amri na hisia hazipiti njia moja

Mpiga picha anaposema "tabasamu" na rafiki anapokuchekesha, ujumbe unafika kwenye neva ileile ya 7, lakini haukutoka mahali pamoja. Amri hutoka kwenye gamba la ubongo, eneo la kuendesha misuli. Hisia hutoka ndani zaidi, kwenye maeneo yanayoshughulika na hisia na mienendo isiyo ya kukusudia. Ndiyo maana picha za vitambulisho zina nyuso ngumu: mtu ameagizwa afanye kwa njia moja jambo ambalo siku zote hufanywa na nyingine.

Hospitalini tofauti hii inaonekana waziwazi. Mgonjwa wa kiharusi kilichoharibu njia ya amri anaambiwa aonyeshe meno, upande mmoja haujibu. Mjukuu wake anaingia wodini, uso unachanua pande zote mbili. Ndugu wasidhani alikuwa anajifanya. Kinyume chake kipo pia, aliyeharibika njia ya hisia hutabasamu sawasawa kwa amri, na akichekeshwa anapinda. Mwenye ugonjwa wa ubongo uitwao Parkinson naye anaweza kuwa na uso mkavu wakati moyoni amefurahi. Anayemhudumia akilijua hilo hatamwona mtu mwenye kiburi.

Sehemu ya juu ya uso ina jambo lake. Misuli ya paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kama nyumba yenye umeme wa gridi na wa sola: mmoja ukikatika taa inabaki. Misuli ya mdomo hupokea karibu yote kutoka upande mmoja, ule wa kinyume. Tofauti hii inaokoa maisha.

Mdomo unapokwenda upande

Mtu ameamka, anasukutua, maji yanamwagika upande mmoja. Anajitazama kwenye kioo, mdomo umekwenda upande. Mitaani wengi watasema kapigwa na upepo. Mwambie anyanyue nyusi, kama aliyeshangaa.

Paji la uso likijikunja sawa pande zote huku mdomo umepooza, hitilafu iko juu, ubongoni, na hapo ni kiharusi hadi ithibitishwe vingine. Mwambie anyooshe mikono yote mbele, azungumze sentensi nzima. Mkono ukishuka au ulimi ukiwa mzito, ni hospitali dakika hiyo. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale ilipo, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

Paji la uso nalo likiwa laini, jicho halifumbi na mdomo umelala, basi ni neva yenyewe. Hapa kinachoongoza ni kupooza kwa Bell, kulikopewa jina la Charles Bell, mpasuaji wa Uskoti wa karne ya 19. Neva inavimba ndani ya ule mfereji wa mfupa, na mfupa hautanuki, kwa hiyo neva inajibana yenyewe. Huwapata kila mwaka watu kati ya 15 na 30 katika kila 100,000, na zaidi wajawazito wa miezi ya mwisho na wenye kisukari. Mgonjwa anaweza kuhisi maumivu nyuma ya sikio, ladha imepotea upande mmoja wa ulimi, na sauti zinampigia sikioni kuliko kawaida. Neva hiyohiyo hubeba ladha na hushika kamsuli kadogo kanakopunguza kelele ndani ya sikio.

Lakini si kila kupooza kwa neva ni kwa Bell. Sikio linalotoa usaha siku nyingi linaweza kuila neva ndani ya mfupa. Malengelenge yenye maumivu sikioni ni mkanda wa jeshi. Aliyeanguka na bodaboda akatoka damu sikioni huenda mfupa umevunjika. Hapa kwetu ni busara pia kupima VVU, kwani kupooza huku kunaweza kuwa dalili ya mapema. Na kupooza kunakoongezeka pole pole kwa wiki nyingi kunatafutiwa uvimbe.

Tiba ya Bell ina saa yake. Prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, ianze ndani ya saa 72. Kiasi kilichofanyiwa utafiti kwa watu wazima ni miligramu 25 mara mbili kwa siku kwa siku 10. Vidonge vingi madukani ni vya miligramu 5, kwa hiyo ni vidonge vitano asubuhi na vitano jioni. Anayepewa viwili kwa siku hajatibiwa. Dawa hii hupandisha sukari na presha na huweza kuamsha kifua kikuu, kwa hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, si ya kuomba dirishani. Katika utafiti wa Uskoti uliochapishwa 2007, baada ya miezi 9 waliopona kabisa kati ya waliotumia prednisoloni walikuwa asilimia 94.4, na kati ya wasioitumia asilimia 81.6. Dawa ya virusi, iliyojaribiwa katika utafiti huohuo, peke yake haikusaidia.

Jicho ndilo linaloharibika watu wakishughulikia mdomo. Lisilofumba hukauka, kioo chake kikachubuka na kuacha kovu. Mchana tia machozi ya dawa kila saa moja au mbili na uvae miwani barabarani kwa ajili ya vumbi. Usiku tia malhamu ya macho, shusha kope kwa mgongo wa kidole, kisha ishikize kwa ukanda wa plasta laini. Usifunike kwa pamba au shashi. Kope ikifunguka chini yake, shashi inasugua kioo cha jicho usiku kucha.

Neva inapoota na kukosea njia

Neva iliyoumia huota upya kama milimita 1 kwa siku. Kutoka sikioni hadi mdomoni ni safari ya miezi 3 hadi 4. Uso ambao haujasogea hata kidogo baada ya miezi 4 urudishwe kwa bingwa, kwa sababu huenda ugonjwa haukuwa wa Bell.

Wakati wa kuota, nyuzi nyingine hupotea njia. Uliokuwa uende mdomoni unaingia jichoni. Mtu akitabasamu jicho linafumba, akipepesa pembe ya mdomo inaruka. Wapo wanaotokwa machozi wakila, kwa sababu uzi wa tezi ya mate umeingia kwenye tezi ya machozi. Na hapa ndipo wengi, hata baadhi ya wataalamu, wanapokosea: wanaona pembe ya mdomo haipandi, wanasema msuli bado dhaifu, wanaagiza mazoezi ya nguvu na mashine ya umeme. Shika lile fundo kwa vidole wakati mgonjwa anatabasamu. Likikaza kama jiwe lakini halisogei, hakuna udhaifu. Zigomatiki inavuta juu, na mshushaji aliyepaswa kuachia anavuta chini kwa amri ileile. Ukizidisha nguvu, unazidisha pande zote mbili.

Kinachofaa ni mazoezi madogo na ya polepole mbele ya kioo. Ukande uso kwanza, ukinyoosha shavu kutoka ndani kwa kidole gumba. Kisha tabasamu robo tu, hadi pale jicho linapoanza kusinyaa. Rudi nyuma kidogo, shikilia sekunde 3 jicho likiwa wazi, achia kabisa. Mara 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, kwa miezi. Ukichoka, acha, maana uso uliochoka hurudia njia mbaya. Mshushaji akikataa kabisa kuachia, sindano ndogo ya botoksi ndani yake humlegeza kwa miezi 3 au zaidi, na pembe ya mdomo inaweza kupanda bila chochote kuongezwa kwa mvutaji.

Na kama mvutaji hayupo tena? Msuli usio na neva kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili hudhoofu kiasi cha kutorudi. Wapo pia watoto waliozaliwa na hali ya Möbius, ambao neva zao za uso hazikukua. Tangu 1976 wapasuaji wamekuwa wakihamisha kipande cha msuli wa grasili kutoka ndani ya paja, pamoja na mishipa yake ya damu na neva yake, na kukishona kutoka kwenye mfupa wa shavu hadi pembe ya mdomo, juu ya njia ileile ya zigomatiki. Neva ya kuukaza mara nyingi huazimwa kutoka msuli wa taya. Hakuna kinachosogea kwa miezi ya kwanza. Kisha siku moja, mara nyingi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, mgonjwa anabana meno na pembe ya mdomo inatikisika. Anafundishwa kubana na kutabasamu, halafu kubana kidogo zaidi ya jana, halafu kuwaza kubana bila meno kugusana, hadi siku anayotabasamu huku meno yameachana.